Hori la mjini lipimwe kikomoni, si kwa wastani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie mahori ya mjini, yaani ile mikono myembamba ya bahari inayopenya katikati ya majengo, ikijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Hori likianza kunuka, kwa kawaida huundwa modeli ya kompyuta, na kutoka kwenye modeli hiyo hutangazwa namba moja: maji ya hori hubadilika kila baada ya siku mbili, au tatu. Namba hiyo ikishatoka, kila upande huikamata. Anayetaka kufukia ukingo ajenge husema hori linajisukutua lenyewe. Anayetaka kuleta mashine ya kuchimba tope husema siku tatu ni nyingi, kina kiongezwe. Sisi tunaofanya kazi hii ya kupima na kukokotoa tunasema namba hiyo peke yake haifai kuamulia lolote. Harufu haitoki kwenye wastani wa hori zima. Hutoka kikomoni, katika mita mia kadhaa za mwisho upande wa bara, na wastani hudanganya zaidi mahali hapohapo.

Tuchukue hori la mfano, sahili makusudi, ili msomaji apige hesabu mwenyewe kwa kalamu. Urefu mita 3,000. Upana mita 40. Maji yakipwa kabisa, kina ni mita 1.5. Wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, maji hupanda mita 2 juu ya hapo. Maji yakipwa hori lina mita za ujazo 180,000, na yakijaa lina 420,000. Tofauti yake, 240,000, ndiyo maji yanayoingia na kutoka katika kila mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Ukigawa 420,000 kwa 240,000 unapata mizunguko 1.75, sawa na saa 22 hivi. Kwa hesabu hii hori hubadilisha maji yake kwa muda usiofika siku moja.

Hesabu hiyo inadhania mambo mawili, na yote mawili hayako katika hori lolote tunalolijua. Ya kwanza ni kwamba maji yakitoka hayarudi. Ukweli ni kwamba maji yanayotoka wakati wa kupwa hukaa nje ya mlango, pale hori linapokutana na bahari, na mkondo wa kujaa ukianza huyavuta tena ndani. Nusu yake yakirudi, saa 22 zinakuwa saa 43. Robo tatu na zaidi, tuseme asilimia 80, yakirudi, zinakuwa siku nne na nusu. Hori ni lilelile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni dhana moja tu kuhusu kinachotokea nje ya mlango.

Dhana ya pili ni mbaya zaidi: kwamba maji yote ya hori huchanganyika sawasawa kila mara yanapojaa. Hayachanganyiki. Weka chupa tupu ya plastiki juu ya maji, mita 500 kutoka kikomoni, maji yakiwa yamepwa kabisa. Mkondo wa kujaa utaisukuma ndani. Itafika wapi? Nyuma yake, kuelekea kikomo, kuna maji ya kina cha mita 1.5. Bahari ikijaa, maji hayohayo yanabanwa ndani na kusimama kwa kina cha mita 3.5, kwa hiyo urefu yanaouchukua unapungua kwa uwiano wa 1.5 kwa 3.5. Chupa itasimama mita 214 kutoka kikomoni. Maji yakipwa itarudi mita 500. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa hivyohivyo. Inatembea mita 286 kwenda na mita 286 kurudi, na anayeitazama kutoka ukingoni ataapa kwamba mkondo unaibeba, ilhali haiendi popote.

Ukiifuata hesabu hiyo hadi mlangoni utaona kwamba, maji yakijaa, chochote kilicho ndani ya mita 1,286 za mwisho hakifiki baharini katika mzunguko huo. Ni karibu asilimia 43 ya urefu wa hori. Maji hayo yanajikunja na kujikunjua tu kama mivukuto ya kinanda cha mkono. Mlangoni kasi ya juu ya mkondo ni kama sentimita 17 kwa sekunde. Mita 300 kutoka kikomoni haifiki sentimita 2. Na mabomba ya maji ya mvua, pamoja na yale ya majitaka yanayofurika, mara nyingi yanamwaga hapo, kwa sababu kikomo cha hori ndicho bonde la asili ambalo mji ulielekeza mifereji yake.

Maji ya kikomoni hutokaje, basi? Kwa kuchanganyika polepole: mkondo wa katikati ukienda kasi kuliko wa pembeni, maji yakiingia kwenye vichochoro vya pembeni na kuchelewa kutoka, upepo, na tofauti ya uzito kati ya maji ya chumvi na maji baridi. Mtawanyiko huu hupimwa kwa mita za mraba kwa sekunde. Ukiwa 5, sehemu ile ya mita 1,286 huchukua takriban siku 4 kusambaza uchafu wake hadi mpaka wake wa nje. Ukiwa 1, huchukua siku 19. Namba hii moja ndiyo inayoamua kama kikomo kitanuka, na katika ripoti nyingi haitajwi hata mara moja.

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji, na hasa wale wanaopokea ripoti hizi maofisini, wawe wakali. Modeli yenyewe huzalisha mtawanyiko bandia. Kompyuta hugawa hori katika seli, na kila uchafu unapovuka kutoka seli moja kwenda nyingine, mbinu rahisi ya kukokotoa huusambaza kidogo kwenye seli nzima, hata kama katika maji halisi ungebaki mahali pamoja. Kwa mbinu sahili zaidi, ukubwa wa kosa hili ni karibu kasi ya maji mara urefu wa seli, gawanya kwa mbili. Kwenye ule mpaka wa mita 1,286, kasi ya wastani ni kama sentimita 4.6 kwa sekunde. Seli zikiwa na urefu wa mita 50, mtawanyiko bandia ni kama 1.15. Ikiwa mtawanyiko wa kweli ni 1, modeli imeuzidisha maradufu bila kumwambia mtu, na siku 19 zimegeuka siku 9. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Ni gridi tu. Dawa yake ni kurudia hesabu kwa seli za nusu ya urefu, kisha nusu tena, hadi jibu liache kubadilika. Ripoti isiyoonyesha jaribio hili haijakamilika, hata ikiwa na picha nzuri namna gani.

Kuhusu upana, hori la mita 40 linahitaji angalau seli tano au sita kukata mkondo, maana tofauti ya kasi kati ya katikati na pembeni ndiyo inayozaa mtawanyiko wa kweli. Seli za mita 5 hadi 8 zinatosha. Programu zinazokokotoa kila hatua ya muda kutokana na hatua iliyopita peke yake zinabanwa na sharti la wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928: wimbi lisiruke seli nzima katika hatua moja. Kwa seli ya mita 5 na kina cha mita 3.5, wimbi linasafiri karibu mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo hatua haiwezi kuzidi sekunde 0.8. Siku 30 ni zaidi ya hatua milioni 3. Ndiyo sababu watu hukimbilia seli kubwa, na ndiyo sababu mkataba wa kazi unapaswa kutaja ukubwa wa seli tangu mwanzo. Jina la programu halina uzito huo. Delft3D, TELEMAC, EFDC na nyinginezo zote zinaweza kutoa jibu zuri na zote zinaweza kutoa upuuzi, inategemea kilichoingizwa.

Na kinachoingizwa huanza na sakafu ya hori. Sakafu ipimwe kwa boti wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, kwa njia za kukatisha kila mita 50, na za karibu zaidi kwenye madaraja, kona na mlangoni. Kipima kina cha mwangwi hakifanyi kazi vizuri kwenye maji ya chini ya nusu mita, kwa hiyo kingo na matope yanayoachwa wazi yapimwe kwa miguu maji yakipwa, kwa fimbo na kifaa cha satelaiti cha usahihi wa sentimita. Tope laini lina hila yake. Mawimbi ya sauti ya kilohezi 200 hudunda juu ya uji wa tope. Ya kilohezi 30 hivi hupenya hadi chini kwenye udongo mgumu. Tofauti kati ya vipimo viwili hivyo ndiyo unene wa uji, na mpimaji lazima aseme modeli inatumia kipi.

Kosa linalotuumiza kuliko yote ni la sifuri. Ramani za bahari huhesabu kina kutoka kiwango cha maji ya kupwa sana. Wapimaji wa ardhi huhesabu kimo kutoka sifuri nyingine kabisa. Ukizichanganya bila kuziunganisha, hori zima linapanda au kushuka. Sentimita 20 tu katika hori letu la mfano ni mita za ujazo 24,000, asilimia 13 ya maji yanayobaki yakipwa. Baada ya hapo msanifu huanza kuzungusha namba za ukinzani wa sakafu ili modeli ioane na vipimo, na kosa linafunikwa na kosa jingine.

Vipima kimo cha maji viwekwe sehemu tatu: nje ya mlango, katikati na kikomoni. Virekodi kila dakika 10 kwa siku 30 au zaidi. Chini ya siku 15 huwezi kutenganisha nguvu ya mwezi na ya jua, ambazo zinapokutana huleta bamvua na zinapopingana huleta maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo. Vifaa vingi hupima shinikizo, si kimo. Shinikizo la hewa likibadilika kwa hektopaskali 1, maji yanaonekana kubadilika kwa sentimita 1, kwa hiyo kifaa cha pili lazima kiwe nje ya maji kupima hewa. Uzito wa maji nao una kesi yake. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo kwenye kina cha mita 3, mvua kubwa ikigeuza maji yote kuwa baridi, kosa linafika sentimita 7 na nusu. Kifaa kifungwe kwenye nguzo iliyosimikwa, kisining'inizwe kwa mnyororo kwenye daraja, kwani mnyororo husogea na rekodi inakuwa na ngazi ambazo haziko majini.

Kisha inakuja ile sentensi inayopatikana karibu katika kila ripoti: modeli inaoana na vipimo vya kimo cha maji kwa sentimita chache. Tunaomba msomaji asitulizwe na sentensi hiyo. Katika hori fupi, wimbi la kujaa hutembea kutoka mlangoni hadi kikomoni kwa dakika 10 tu. Maana yake maji hupanda karibu kwa usawa mmoja kila mahali, kama beseni. Modeli yoyote, hata mbovu, italipata hilo. Kimo kikioana hakithibitishi chochote kuhusu kubadilika kwa maji. Kinachothibitisha ni kasi ya mkondo, kiwango cha chumvi, na zaidi ya yote, rangi.

Kasi hupimwa kwa kifaa cha sauti kinachokatisha hori mara kwa mara kwa saa 13 mfululizo, mzunguko mzima, mara moja kwenye bamvua na mara nyingine kwenye maji mafu. Mlangoni kifaa hiki kinafaa. Kikomoni kinashindwa: hakisomi sentimita kadhaa za juu kilipo chenyewe, hupoteza takriban asilimia 6 ya kina karibu na sakafu, na kasi ya sentimita 1 au 2 inamezwa na kelele za kifaa. Hapo rangi ndiyo shahidi.

Rangi inayotumika sana ni Rhodamine WT, kwa sababu hainati sana kwenye tope na inaonekana kwa kifaa hata ikiwa kidogo mno. Mita 500 za mwisho za hori letu, maji yakipwa, zina mita za ujazo 30,000. Ili kupata mikrogramu 5 kwa lita unahitaji gramu 150 za rangi halisi, yaani gramu 750 za mchanganyiko wa asilimia 20 unaouzwa madukani. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji na utazama ukiumwaga hivihivi; uchanganywe kwanza na maji mengi ya hori lenyewe, kisha umwagwe kwa mpira wenye matundu nyuma ya boti ikikatisha kutoka ukingo hadi ukingo. Siku mbili kabla, pima mng'ao wa maji yenyewe bila rangi, maana majitaka nayo hung'aa kidogo. Baada ya kumwaga, pima hori zima kila maji yanapofika kilele cha kujaa, usiku na mchana, na ujumlishe rangi yote iliyobaki. Usisimame mahali pamoja ukitazama kipimo kinashuka. Wingu la rangi linapita mbele yako likienda na kurudi, kama ile chupa, na unaweza kudhani imeisha kumbe imesogea mita 200.

Katika modeli, rangi hiyohiyo imwagwe mara mbili: mara moja hori zima, mara nyingine kikomoni tu. Muda wa kushuka hadi asilimia 37 ya mwanzo ndio unaolinganishwa, na utolewe kama ramani, kipande kwa kipande, si namba moja. Uanze kwenye bamvua, uanze tena kwenye maji mafu. Tofauti ni kubwa. Katika hori letu, maji mafu yakipanda na kushuka mita 1 tu kati ya kina cha mita 2 na 3, hesabu yetu ya nusu kurudi inatoka saa 43 hadi saa 75. Samaki hufa wiki hiyo, si wiki ya bamvua.

Mpaka wa modeli usiwe mlangoni. Ukikata modeli pale na kuiambia kila maji yanayoingia ni safi, umeshaandika jibu: hakuna kinachorudi. Mpaka upelekwe nje, mbali kuliko maji ya kupwa yanavyofika, ili modeli yenyewe iamue kiasi gani kinarudi. Vilevile modeli ipewe muda wa kutulia. Kimo cha maji kinatulia kwa siku mbili au tatu, lakini chumvi inahitaji muda mrefu mara kadhaa kuliko ule wa maji kubadilika. Na matope yanayofunikwa na kuachwa wazi yachunguzwe kwa makini, kwa kuwa seli zinazokauka na kulowa ndizo zinazopoteza maji kimyakimya katika hesabu. Jumla ya maji yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki lazima ifunge.

Bado kuna mvua. Milimita 20 zikinyesha kwenye kilomita 2 za mraba za mji uliosakafiwa, na asilimia 70 zikatiririka, ni mita za ujazo 28,000. Linganisha na zile 30,000 za mita 500 za mwisho. Saa moja ya mvua inaweza kujaza kikomo kizima maji ya barabarani. Maji hayo baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na yale ya chini hufungiwa mbali na hewa. Modeli ya tabaka moja, inayochukua wastani kutoka juu hadi sakafu, hailioni jambo hili kabisa. Pale ambapo chumvi ya juu na ya chini zinatofautiana waziwazi, modeli iwe ya tabaka nyingi. Pale ambapo hazitofautiani, tabaka moja linatosha na fedha zitumike kwenye vipimo.

Tunasisitiza matabaka kwa sababu ya oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hushika kama miligramu 6.2 tu kwa lita. Maji baridi 7.6. Uchafu wa majitaka kwa joto hilo huliwa na bakteria kwa kasi ya takriban 0.36 kwa siku, yaani karibu asilimia 30 ya unaobaki kila siku, hivyo maji yanayokaa siku 9 kikomoni yanamaliza zaidi ya asilimia 95 ya mzigo huo papo hapo, kabla hayajafika popote. Oksijeni ikiisha, bakteria wengine huanza kutumia salfeti, na maji ya bahari yana salfeti tele, takriban gramu 2.7 kwa kila lita. Salfeti hiyo huigeuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo harufu ya yai viza. Kipima oksijeni kisitembezwe saa nne asubuhi jua likiwaka, mwani ukiwa unazalisha oksijeni. Kiachwe majini kisome alfajiri, wakati kiwango kiko chini kabisa, na kifutwe kila wiki, maana utando wa viumbe hukifunika haraka katika maji ya joto.

Sasa tiba. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuchimba, na hapa hesabu inapinga macho. Ongeza kina cha hori letu kutoka mita 1.5 hadi mita 3. Maji yanayoingia na kutoka yanabaki 240,000, kwa sababu upana na kimo cha kujaa havijabadilika. Lakini maji yakijaa sasa ni 600,000. Mizunguko 1.75 imekuwa 2.5. Sehemu isiyofika baharini imeongezeka kutoka mita 1,286 hadi mita 1,800. Mkondo umepungua kasi, na tope jipya litatua kwa urahisi zaidi. Kuchimba kuna faida mbili za kweli: kuondoa tope linalokula oksijeni, na kufungua kizingiti cha mchanga mlangoni ikiwa kinazuia maji kupanda ndani. Nje ya hizo, shimo refu ni ghala la maji mafu kwa maana yake mbaya zaidi.

Kufukia kingo ni kinyume chake na ni kubaya vilevile. Matope yanayolowa maji yakijaa na kukauka yakipwa ndiyo yanayobeba maji ya kuingia na kutoka. Ukifukia theluthi moja ya eneo hilo, umepunguza pampu ya asili ya hori kwa theluthi hiyo, na mlango nao utaanza kujaa mchanga kwa sababu mkondo wa kuusukuma umedhoofika.

Kalavati ndogo chini ya barabara ni mwizi asiyetazamwa. Bomba moja la kipenyo cha mita 1.2, hata tofauti ya kimo ikiwa nusu mita muda wote wa kujaa, linapitisha kama mita za ujazo 2.1 kwa sekunde, yaani 47,000 katika saa sita na dakika 12. Nusu ya ndani ya hori letu inahitaji 120,000. Nyuma ya barabara maji hayatapanda hata mita 1. Kabla ya kununua mashine yoyote, pimeni kimo pande zote mbili za kila kalavati kwa mzunguko mmoja. Kazi hiyo inahitaji watu wawili na fimbo mbili.

Na ikibidi kusukuma maji kwa pampu, yasukumwe kikomoni. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikitolewa mahali penye maji safi ya oksijeni, inajaza sehemu yote iliyonasa, 180,000, kwa mizunguko minne, yaani siku mbili. Inasogea polepole, karibu sentimita 1.7 kwa sekunde maji yakiwa yamepwa, ila inakwenda upande mmoja tu, jambo ambalo bahari hailifanyi kikomoni. Mfereji wa Gowanus huko Brooklyn, New York, ulipewa handaki la kusukuma maji mwaka 1911. Likaharibika miaka ya 1960, likafufuliwa 1999 kupeleka maji kikomoni. Hata hivyo majitaka yaliyofurika na tope lenye sumu vilibaki, na mwaka 2010 mfereji huo uliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya maeneo machafu yanayopewa kipaumbele cha kusafishwa. Pampu huondoa maji. Haiondoi bomba linalomwaga majitaka, wala haiondoi tope.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, siku gazeti lako litakapoletewa taarifa kwamba hori fulani hubadilisha maji kwa siku kadhaa, tunaomba waandishi wako waulize: siku hizo ni za mlangoni au za kikomoni? Za bamvua au za maji mafu? Mpaka wa modeli uko wapi, seli zina urefu gani, na rangi ilimwagwa lini? Rekodi za siku 30 za kimo, chumvi na oksijeni ziombwe pamoja na ramani, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu.

Ni sisi,
Wapimaji na wasanifu wa modeli za maji ya pwani